Podikasti ya Duka la Magodoro

Mtu akinijia siku hizi akitaka kuanzisha podikasti, swali lake la kwanza huwa ni anunue maikrofoni gani. Mimi humuuliza kama anamfahamu muuza magodoro.

Sisi tulimfahamu mmoja pale Ujiji. Ilikuwa miaka ile watu walipojaa kijiji cha Kagunga, mpakani, wakitokea Burundi, wakaletwa Kigoma kwa meli, kisha wakapandishwa mabasi kwenda kambini. Nilikuwa naandika habari za redio moja ya mjini. Mwenzangu niliyekuja kuanzisha naye podikasti alikuwa Mrundi aliyelelewa na shangazi yake huko Bangwe tangu akiwa mdogo. Mama yake alikuwa amerudi kwao zamani, na sasa alikuwa amekimbia tena, yuko kambini. Akapiga simu: binti njoo. Alisema binti asiye na kazi hana sababu ya kula ugali wa shangazi mjini wakati mama yake anabeba ndoo peke yake.

"Kazi ninayo, mama," mwenzangu akajibu, ingawa ilikuwa ndiyo kwanza anaifikiria. "Naanzisha kipindi cha kusikiliza kwenye simu. Cha watu wa kambini na wa ziwani. Kiswahili, na Kirundi ndani yake."

Mama akatoa sharti. "Haya. Nikiona watu hapa wanakisikiliza bila kushikiwa fimbo, kaa huko. Nisipoona, mvua zikianza, uje."

Basi tukawa na mhariri kabla ya kuwa na kipindi.

Jaribio la kwanza tulilifanya chumbani kwa shangazi. Kuta tupu, bati juu, mashine ya kusaga nyumba ya pili. Tulipojisikiliza, tulikuwa kama watu wawili waliotumbukia kwenye pipa, na jogoo ndiye mtangazaji mkuu. Tukajaribu kabatini, tukajaribu chini ya blanketi, tukatoka tunatiririka jasho na hatuna kitu. Ndipo nikakumbuka duka la magodoro, jinsi mtu akiongea mle ndani sauti inavyobaki mdomoni mwake. Sponji humeza mwangwi. Mwenye duka alikubali kwa sharti moja: mteja akija, kimya.

Tukajipenyeza katikati ya marundo mawili, simu tumeivika soksi ili pumzi zetu zisiipulize, tukaanza. Ajabu! Sauti ikawa ya karibu, kama jirani anayekusengenyea mtu ukutani. Tulicheka kwa furaha mpaka tukaharibu nusu ya rekodi. Siku ya pili mteja mmoja, mama mnene mwenye kanga, akavuta godoro na kutukuta.

"Uwiii! Humu mna watu!"

"Wamo," mwenye duka akasema bila kuinua kichwa. "Ila hao hawauzwi."

Nilitaka kuifuta sehemu hiyo. Mwenzangu akanizuia, na alikuwa sahihi: kambini ndiyo waliyoirudia kuliko yote. Kile unachokionea aibu, kisikilize mara mbili kabla hujakifuta.

Kambini kipindi kilifikia kwa fundi aliyekuwa akichaji simu za watu. Tulikuwa tunamtumia rekodi, naye anawawekea kwenye kadi zao simu zikiwa zinajaa. Alipopokea kipindi cha kwanza alitupigia.

"Dada zangu, mmetuma kipindi au kesha la maombi? Watu wanamaliza chaji hamjafika kwenye habari yenyewe."

Tulikuwa tumeongea saa nzima. Tukakata salamu, tukakata utangulizi, tukakata mashairi yangu, jambo lililoniuma kidogo. Kikabaki kipindi cha kumtosha mtu anayechambua njegere za sufuria moja.

Bado hakikusikilizwa. Fundi akasema watu wanakianza, halafu wanakiacha. Mvua zilikuwa zinakaribia, na mwenzangu alishaanza kukunja nguo zake huku akijifanya anazipanga tu. Hatimaye akampigia mama yake, akaweka simu sauti ya juu ili nami nisikie.

"Mama, tatizo ni nini?"

"Tatizo ni huyo mwenzako. Anaanza na kukataa."

"Kukataa nini?"

"Sijui! Hata hajaulizwa kitu. Mtu anafungua tu, anasikia: Oya! Oya! Oya! Sasa wewe mgeni ukibisha hodi ukaambiwa oya mara tatu, utaingia?"

Tukatazamana. Ule ulikuwa mwanzo wangu, nilioubuni mwenyewe na kujisifu. Mjini "oya" ni "hebu sikia, wewe". Bodaboda wote wa Kigoma huitana hivyo. Kwa Kirundi ni "hapana". Mwenzangu Mrundi mzima alikuwa ameusikia mwanzo ule kila wiki na hakushtuka, kwa sababu masikio yake yalishahamia mjini. Alijitupa kwenye magodoro akicheka, mimi nikamfuata, na kwenye simu mama akaendelea kuuliza kama tumeshikwa na kifafa.

Hatukulitupa neno lile. Tuliligeuza. Nikawa nauliza kwa haraka, "Tumewachosha?" naye anajibu kwa Kirundi chake chote, "Oya!" "Tuondoke?" "Oya!" Fundi akatuambia watoto waliozunguka meza yake wameanza kujibu kabla ya mwenzangu. Baadaye watu wazima wakajibu pia, wakijifanya wanawakejeli watoto.

Mama hakusifu. Alituma marekebisho mengine. "Wiki iliyopita mmeeleza kukaanga samaki wa ziwani, migebuka, kwa mawese mpaka mate yakatutoka. Huku tuna njegere za mgao. Mwana wanje, mwanangu, unaongea na nani?" Swali hilo sijapata kulisikia kwenye semina yoyote ya uandishi. Kipindi kilichofuata tulikaribisha ugomvi wa namna ya kupika njegere ziive kwa kuni chache, wasikilizaji wakaturekodia majibu, na hakuna aliyekubaliana na mwenzake. Kilikuwa kitamu kuliko vyote.

Kisha mwenye duka akafiwa na mjomba wake kule Simbo, duka likafungwa, na Alhamisi, siku yetu ya kutuma kipindi, hatukutuma kitu. Alipofungua tu, tukaingia katikati ya marundo yetu, na simu ikalia. Ujumbe wa sauti, kutoka kwa mama.

"Alhamisi mlikuwa wapi? Watu wamekuja mlangoni kwangu kuniuliza mimi, kama vile mimi ndiye redio! Sikia. Ndoo sasa nachotewa na jirani. Simu yake imekufa, kwa hiyo ananiletea maji, nami namsimulia kipindi chote, na sauti zenu naziigiza. Nikisema oya, anacheka mpaka maji yanamwagika. Sasa wewe ukija huku nitamsimulia nini? Kaa hapo hapo. Usiniharibie mpango wangu."

Mwenzangu aliurudisha ujumbe ule nyuma, akausikiliza tena, kisha tena, uso ameufukia kwenye godoro, mpaka mwenye duka akachungulia na kuuliza kama huyo mama angependa godoro la futi tano au la sita.