Kadi ya Idi ya Bwana Shee

Nichekeni tu, maana hapa Amu wamekwisha kunicheka wote.

Nilikuwa nimepeleka posa kwa binti wa Bwana Shee. Siku ya kumi mzee hajanijibu, nami sikaliki, silaliki. Nikaona nimpendeze kwa kadi ya Idi. Nikachonga mihuri miwili kwa mpira wa kisigino cha kiatu: mmoja Bismillahi, mwingine ua la waridi. Wino wangu wa kijani ulikuwa mzito, nikautia mafuta ya nazi upate kuteleza. Ukateleza kweli, lakini ukakataa kukauka. Nikaipepea ile kadi hadi mkono ukaniuma.

Baada ya sala ya Idi nikamkabidhi mlangoni mwa msikiti.

"Imetoka Bombay, Bwana," nikasema. Nani aliniuliza?

Bwana Shee akaiona Bismillahi. Akaibusu kadi, akaiweka kwenye paji la uso, kama tufanyavyo sote. Mimi mjinga nilikuwa nimelisahau hilo! Alipoishusha, waridi limechanua katikati ya paji lake.

Watu wakaja kumpa mkono wa Idi, wakimtazama, wakikohoa. Nikashindwa kuvumilia, nikatoa leso.

"Una jasho, Bwana."

Nikampangusa. Paji zima likawa kijani.

Akaitazama leso. Akanishika mkono, akazikagua kucha zangu moja moja, zote za kijani.

"Mwanangu," akauliza, msikiti mzima ukisikia, "Bombay umerejea lini?"