Kandege ka Kwa Agathe

"Kale kandege kanalala chini ya paa yako, Agathe. Wewe njo unakatuma."

"Maman Cibalonza, mimi nitume ndege? Hata bwana yangu nikimutuma chumvi, hafiki."

Lupango yote, sisi watu ya ua moja, ikacheka. Ilikuwa mwaka 1956, mu mutaa ya Kadutu, na mimi nilikuwa kijana asiyekosa palabre, mabishano ya watu, hata moja.

Lakini kicheko kikaishia pale.

Kila asubui Cibalonza, jirani ya Agathe, aliwekea ndege chakula mu sahani ya zamani. Kwetu Bashi, kale kandege keusi na keupe, kenye kutikisa mukia, ni ka nyumba. Hakauawi, hakafukuzwi.

Sasa kakaanza kupiga shomoro ku sahani. Kaliwarukia macho. Siku moja shomoro mumoja akabakia pale, kichwa damu tupu.

Ndege ya nyumba ikiua, watu wanauliza: nyumba gani?

Agathe hakukuwa na mutoto. Jibu ikapatikana mbio. Wakasema anaonea wivu watoto ya jirani, na anatuma kandege kuwaloga. Bwana yake, Bisimwa, alisikia ile maneno ku kazi, ku soko, hata ku mulango ya kanisa. Akachoka, akamurudisha kwao Nyangezi.

Agathe akaenda. Kandege kakazidi.

Siku moja nikakaona kameanguka chali, miguu juu. Nikadhani kamekufa. Kidogo kakaamuka, kakayumba, kakarudi ku sahani kupigana.

Nikanusa ile sahani.

Kasiksi! Cibalonza alikuwa ameanza kupika pombe ya ndizi ya kuuzisha, na mashapo ya mutama ya ile pombe anamwangia ndege. Kandege kalikuwa kamelewa, basi.

Watu walicheka mpaka machozi. Bisimwa hakucheka. Akanituma Nyangezi, nimwambie bibi yake arudi.

Baba ya Agathe alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wazee ya Bisimwa walishakuja kuchukua ng'ombe yao," akasema.

Hawakumuuliza hata Bisimwa. Na kwetu, ng'ombe ya mahari ikisharudi, ndoa imekufa. Hakuna kuifufua.

Agathe alikuwa anamenya muhogo. Nikamwambia ni pombe, si yeye.

"Nilijua si mimi," akasema. "Tangu siku ya kwanza."

Ninyi wenye kupenda masemi, maneno ya watu, kama mimi, mushike hii: mbele ya kuuliza nani analoga, munuse sahani. Ukishachelewa, ukweli yako haisaidie mutu.

Nikageuka niende.

Agathe akapangusa mikono ku kikwembe alichojifunga.

"Umetoka mbali," akasema. "Ingia, ukule."