Difu ya Lori na Daftari la Auma

Nakumbuka Jumapili moja kule Makadara, mwanangu, miaka ya sabini ikiyoyoma. Nilikuwa fundi wa malori, tena fundi wa majisifu. Dada yangu Auma, aliyekuwa akisomea udaktari, alikuwa ameandika daftarini "diferensheli," na chini yake majina ya magonjwa. Nilicheka nikashika mbavu.

"Wewe Auma, diferensheli ndiyo difu, na difu ni ya lori! Ndiyo inayoacha gurudumu la nje lizunguke zaidi ya la ndani kwenye kona. Wagonjwa wenu wana magurudumu?"

Jirani yetu, mwalimu wa hesabu, akadakia dirishani kwamba hata kwenye hesabu neno hilo lipo. Nikamwambia aende zake na chaki yake. Ujinga wangu mtupu! Auma alifunga daftari akanuna.

Wiki hiyo mama akaja kututembelea kutoka Siaya, na siku ya tatu akaamka na homa na kichwa kinamgonga. Nikasema ni malaria, nikakimbilia dukani kununua tembe. Auma akamwinamisha mama shingo polepole, mama akapiga ukelele.

"Twende hospitali sasa hivi," Auma akasema.

"Malaria hiyo! Siaya si kuna mbu?"

Nilibisha asubuhi nzima, mwanangu, nimesimama mlangoni kuwazuia, mama amelala akiugua. Mwishowe Auma alimwita mwalimu, wakambeba wao. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Mama alipona, lakini sikio la kulia halikusikia tena. Madaktari hawakunilaumu. Mimi nilijilaumu, na hadi leo najilaumu.

Pale kwenye benchi la hospitali ndipo nilipomuuliza Auma, "Hiyo diferensheli yenu ni nini?"

Hakunicheka. Alisema unaandika magonjwa yote yanayofanana, unayapima, unayaondoa mmoja mmoja, ukianza na ule unaoua haraka. "Malaria ilikuwemo," akasema, "ila haikuwa peke yake."

Nilikwenda kwa mwalimu pia, nikamwomba radhi. Akanichorea mstari unaopanda, akanionyesha jinsi diferensheli yao inavyopima badiliko dogo mno, dogo kuliko unywele. Nilistaajabu! Fundi, daktari na mwalimu, kila mmoja anachunga tofauti kwa njia yake, na mimi nilidhani ya kwangu ndiyo pekee.

Mwanangu, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ukisikia neno unalolijua kinywani mwa mtu wa kazi nyingine, usicheke. Muulize kwao lina maana gani. Na jibu la kwanza likikupendeza sana, tafuta la pili kabla hujamzuia mtu mlangoni. Mungu akuzungushie watu wanaojua usiyoyajua, akupe na moyo wa kuwasikiza mapema.