Uongo wa Kwanza wa Mukhisa

Kwenye kliniki moja pale Kitale walimwambia Phelista kwamba mwanawe Mukhisa, kwa kuwa sasa anapanda ngazi peke yake na kujivalisha viatu, hata kama cha kushoto kiko mguu wa kulia, si katoto tena. Phelista akacheka. Hao watu wa kliniki hawajawahi kula Krismasi kwa mzee Jairus, Bumula.

Kwa mzee Jairus, baba mkwe wake, miaka haina kazi, meno pia hayana kazi. Mtoto ni wa kubebwa mgongoni mpaka siku atakaposema uongo wake wa kwanza. Kabla ya hapo hagusiki. Avunje sahani, amkojolee askofu, bado ni malaika. Siku akidanganya, ukoo mzima unapiga vigelegele, mzee anakata fimbo ya mpera, na mtoto anachapwa hadharani mpaka ajue amekaribishwa duniani. Halafu anakatiwa keki. Edinah, wifi yake Phelista, ana kovu la sherehe hiyo nyuma ya paja, na huwaonyesha wageni kama mtu anavyoonyesha picha za harusi. Kaka yake Hillary, ambaye ndiye mume wa Phelista, akiulizwa habari za siku yake husema haikumbuki, kisha hutoka nje kuangalia ng'ombe.

Si kwamba Phelista alikuwa mgeni wa kipigo. Kule Saboti alikozaliwa alichapwa na mama kwa mwiko, na mwalimu kwa mpira wa tairi, na kiongozi wa kwaya kwa kitabu cha nyimbo, tena chenye jalada gumu. Alipokua akajitafutia kazi ya kufanana na malezi hayo: kuchinja kuku nyuma ya soko la Kitale. Anakanyaga mabawa, anavuta shingo, kisu kinapita, kuku bado anawaza mambo ya jana. Mteja mmoja aliyejaribu kumshika kiuno alitandikwa kwa jogoo mzima mzima mpaka wote wawili wakazimia. Jogoo ndiye aliyeamka kwanza.

Lakini mtoto wake hakuna wa kumgusa, hilo aliapa. Fimbo yenyewe haikumtisha. Kilichomnyima usingizi ni vile vigelegele: Mukhisa alie huku kila anayempenda akishangilia.

Krismasi hiyo Edinah alifunua sufuria ya kuku, akakoroga, akakoroga tena.

"Firigisi ya mzee iko wapi?"

Watu wote wakageuka. Firigisi ni ya mwenye boma. Hata mbwa wa hapo wanajua. Kando ya jiko alisimama Mukhisa, kidevu kinang'aa mafuta, shavu moja limevimba.

"Mukhisa, mjukuu wangu," mzee akasema kwa sauti tamu ya muuza mitumba, "nani amekula nyama ya kuka, babu yako?"

Mukhisa akatafuna. Akameza kwa shida.

"Ni paka."

Boma hilo halikuwa na paka. Wa mwisho Edinah alimuua kwa jembe.

"Ameongopa!" Edinah akaruka, vigelegele vikapasua hewa. "Amekuwa mutu! Baba, si ulete fimbo!"

"Ni mimi nimekula," Phelista akasema.

Shangazi mmoja akaangusha kikombe. Mke wa mtu, kula firigisi?

"Mama Mukhisa," mzee akasema kwa upole, fimbo tayari mkononi, "mdomo yako hata mafuta haina. Usiharibie mutoto siku yake."

Phelista alimnyakua mtoto, akainama, akamtupa mgongoni, akavuta leso na kukaza fundo kifuani. Mtoto alikuwa mkubwa, miguu inaning'inia karibu na magoti yake.

"Huyu ni mtoto wa mgongoni," akatangaza. "Na mtoto wa mgongoni hachapwi. Si ndiyo sheria yenu?"

Mzee akakwama. Baba mkwe hamgusi mke wa mwanawe, hata salamu ya mkono hampi. Akimgusa, hata kwa ncha ya fimbo, amejitia mkosi, na hali chakula na watu tena mpaka kondoo achinjwe na wazee wamtakase. Sasa Mukhisa alikuwa ameng'ang'ania pale kama kupe. Fimbo ipite wapi?

"Edinah," akasema, "mfungue."

"Wifi, usinisogelee," Phelista akaonya.

"Ati utanifanya nini, mama kuku?"

Akamfanya. Kichwa cha Phelista kilitua mdomoni mwa Edinah, jino likaruka na kutumbukia kwenye mchuzi. Edinah akashika nywele, akang'oa shungi zima pamoja na ngozi. Phelista akampiga goti la tumbo. Wote wakaangukia jiko, sufuria ikapinduka, mchuzi wa moto ukamwagikia miguu ya Edinah. Akapiga yowe, lakini hakuachia. Hapo Mukhisa akanyoosha shingo juu ya bega la mama yake na kuzamisha meno kwenye sikio la shangazi yake Edinah.

"Uwii! Katoto kananing'ata!"

"Si mmesikia? Amekaita katoto!" Phelista akafoka, damu ikimwingia jichoni.

Mzee naye alikuwa ameona mwanya: shavu moja nono la mguu wa Mukhisa, liko uchi, linaning'inia. Akainua mkono. Phelista, ambaye kazi yake ni kujua shingo itakwepea wapi kabla shingo yenyewe haijajua, aliuona mkono ule ungali hewani. Hakukwepa. Aligeuka akampa bega.

Mtulinga, ule mfupa wa begani, ulivunjika kwa mlio wa bua kavu.

Mzee akaitazama fimbo kana kwamba ameishikishwa na maadui. Kisha wanawake wakaangua kilio cha msiba, na fimbo ikaanguka. Mzee Jairus akatembea peke yake mpaka nyuma ya choo, akaketi juu ya tofali kusubiri kondoo.

Edinah akatema damu. "Hilly! Wewe ni bwana yake, wewe unaweza kumgusa. Mfungue huyo mutoto, mimi nitachapa badala ya baba."

Hillary alikuwa ameshika soda ile ile tangu vita vianze. Akaiweka chini. Akaja.

"Ukimshusha kwa hii boma, Hillary," Phelista akasema, mkono mmoja umelegea kama wa mwanasesere, "Kitale usinifuate."

Hillary akafungua fundo. Phelista akafumba macho, akisubiri vigelegele.

"Nifunge," Hillary akasema.

Alikuwa amempa mgongo, ameinama, Mukhisa tayari mgongoni mwake.

"Nini?"

"Nifunge leso, mama. Haraka, kabla sijaogopa."

Akamfunga kwa mkono mmoja na meno.

Walipita katikati ya soko la Bumula hivyo hivyo, mke mbele akichuruzika damu, mume nyuma na leso ya maua na mtoto mgongoni. Vijana wa bodaboda wakazima pikipiki ili wafaidi vizuri.

"Niaje, Mama Mukhisa!" mmoja akamwita Hillary. "Na maziwa unatoa?"

Hillary akasimama. Phelista hakuwahi kumwona akipiga hata mbuzi. Akamwendea kijana polepole, akimshikilia mtoto makalio kwa mkono wa kushoto asitikisike, na kwa wa kulia akamtwanga ngumi moja ya pua. Kijana na pikipiki yake wakalala mtaroni.

"Mwingine mwenye swali?"

Hillary akampandisha mtoto juu kidogo, akakaza fundo, wakaendelea na safari ya Kitale.