Kiraka cha Kilwa

Tajiri wa mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa samaki. Siku alipompa mume wangu pikipiki ili awe anakwenda Kilwa kukagua mizigo ya ziwani, majirani zetu wote wa siti, mtaa wa sisi weusi, walikuja kumpongeza. Mimi nilinuna. Kilwa hiyo, ya ziwani, si ile ya pwani, ilikuwa mbali na Élisabethville, njia ilikuwa mawe na vumbi wakati wa kiangazi, matope wakati wa mvua, na mwisho wa njia hiyo, niliamini, walikaa wanawake wazuri wenye ngozi inayong'aa kwa kula samaki wabichi kila siku. Sikuwa nimemwona hata mmoja wao. Wivu wangu haukungoja kuona.

Tajiri alitoa pikipiki, suruali hakutoa. Tulikwenda kuitafuta wenyewe katikati ya mji, kwenye duka lililokuwa na kaunta yetu sisi weusi upande wa uani. Kujaribu nguo hakukuruhusiwa. Mtu alichukua suruali, akazungusha kiuno cha suruali hiyo shingoni mwake. Ncha zikikutana, basi ingemtosha. Mume wangu alijizungushia moja ya kaki laini, iliyonyooka, yenye mkunjo mbele. Akageuka kunitazama. Alipendeza hata akiwa ameivaa shingoni, na hilo ndilo lililoniudhi.

Chini ya kaunta niliona nyingine, ya turubai nzito kama ya hema, pana kama gunia, rangi ya udongo. Niliivuta.

"Hii," nikasema.

"Ile? Bantu batanicheka!"

"Bacheke tu. Ukianguka na ile kaki, magoti itabakia ku barabara."

Nilisema magoti, lakini nilikuwa nafikiria macho ya wanawake wa Kilwa. Nilitaka wamwone ameshuka kwenye pikipiki akitembea kama aliyebeba mlango katikati ya miguu. Alibisha, akalalamika kwamba ile turubai ingempika mapaja, mwisho akakubali. Nilitoka dukani nimefurahi sana.

Safari za kwanza zilikwenda vizuri. Alirudi na vumbi mpaka kwenye kope, akanuka petroli na samaki, nami nikaifua ile suruali kwa nguvu huku nikiinusa kila pindo kutafuta harufu nyingine. Kisha akarudi na kiraka.

Kilikuwa kwenye goti la kulia, kipande cha tanga la mtumbwi, kimeshonwa kwa uzi mnene uliofungwa mafundo madogo kuzunguka pembe zote. Mshono mzuri. Mimi nilikuwa nimefundishwa kushona na masista wa misheni, najua mkono wa mtu akishona kwa haraka na mkono wa mtu anayejali. Huyu alijali. Na kwetu, mke ndiye anayeshona nguo za mumewe. Mwanamke mwingine akishika sindano hiyo, ni sawa na kuja kupika jikoni mwako bila hodi.

"Nani alishona hii?"

"Bantu ya ku Kilwa. Ilipasuka ku miiba."

"Bantu gani?"

"Bantu tu, mama. Niko na njala."

Niliweka sahani mbele yake kwa kishindo. Suruali haishonwi goti mtu akiwa ndani yake. Kwa hiyo aliivua. Aliivulia wapi? Alikaa na nini mwilini huku yule mwanamke anapiga mafundo yake mazuri? Nilimpa sura. Nikampa mikono myembamba, sauti ya chini, kicheko. Niliosha vyombo naye, nikaenda misa naye. Nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Kukifumua kile kiraka sikutaka, maana mume wangu angejua kwamba kimeniuma. Nilikata kipande cha turubai kikubwa zaidi, nikakishona juu yake, nikakifunika chote kwa mshono wa misheni, mdogo, ulionyooka. Mume wangu aliangalia, akatikisa kichwa, akavaa.

Safari iliyofuata hakurudi kwa pikipiki. Alirudi juu ya lori la samaki, pikipiki imelazwa kwenye vitunga, yeye ameegemea pembeni akikunja uso. Kwenye mteremko wa changarawe gurudumu lilimteleza, chombo kikamburuta kwa goti la kulia. Tulimvua suruali taratibu. Goti lilikuwa limevimba, jeusi. Lakini ngozi ilikuwa nzima. Muuguzi wa zahanati alilibonyeza huku na huku, akasema kama lingefunguka kwenye changarawe ile, mguu huo tungekuwa tunaulilia.

Nilikaa na suruali mapajani. Kiraka changu kilikuwa kimeliwa chote. Mshono wa misheni ulikuwa nyuzinyuzi tu. Chini yake, kiraka cha Kilwa kilikuwa kimechubuka, na mafundo yote yalikuwa mahali pake. Nililia. Kwa mguu uliopona, ndiyo, lakini pia kwa hasira, kwamba ni yeye aliyemwokoa mume wangu, si mimi.

Mume wangu akiwa bado anachechemea, mzee mmoja alipiga hodi, mvuvi wa Kilwa mwenye ndevu nyeupe, kitunga cha samaki wakavu kichwani.

"Nasikia mutoto wangu alianguka," akasema. "Nikakuya kumuona."

Nilimpa kiti na maji. Alipoketi aliona mshikio wa kitunga chake umekatika. Akatoa kwenye koti sindano ya mti, ile ya kushonea nyavu, na uzi mnene, akaanza kufunga. Fundo dogo, kisha dogo lingine, limebanwa.

"Baba," nikamwuliza juu ya ile suruali, "patalo ya bwana yangu, ni weye ulishona?"

"Njo miye. Alikaa mu blanketi yangu, baridi inamupiga."

Sikuwahi kufikiri kwamba kule ziwani sindano ni ya wanaume. Yule mwanamke wangu mwenye mikono myembamba alikufa palepale mbele ya zile ndevu, na nilidhani sasa ningepata nafuu. Sikuipata. Wivu ulibaki umekaa palepale, ukamtazama mzee.

Nilimpikia vizuri. Baada ya kula aliiomba suruali, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye mabaki ya turubai yangu.

"Yangu ilikuwa nzima," akasema. "Juu juu huku muliweka ingine ya nini?"

Mume wangu ndiye aliyejibu, akilikanda goti lake.

"Bibi yangu, baba. Hapendake muntu ingine anichunge."

Nilivuta kiti karibu na mzee, nikamwomba anioneshe lile fundo.