Silabi Moja Iliyopungua

Harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, wanaokauka juani haipendwi na kila mtu. Wageni wakifika Uvira huziba pua. Mimi nikiinusa, vidole vyangu huanza kuhesabu vyenyewe: mpaka vitano, kisha saba, kisha vitano tena. Wajukuu wangu hunicheka, wanadhani ni uzee. Ngoja niwaambie ninyi kilichovifundisha vidole hivi kuhesabu, maana wao sijapata kuwaambia.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji wangali wanatutawala, nami nilikuwa na miaka kumi na miwili katika shule ya masista. Tuliwaita mamere. Wote walikuwa wakali isipokuwa mmoja, kijana bado, aliyependa mashairi. Siku moja alitusomea kutoka gazeti la kwao shairi la Wajapani liitwalo haikai. Siku hizi nasikia mnaliita haiku. Mistari mitatu tu, alisema: silabi tano, saba, tano, na ndani yake liwemo neno la majira ya mwaka. Wiki chache baadaye alihamishiwa misioni ya mbali, akatuachia ugonjwa ule bila dawa.

Tuliougua zaidi tulikuwa wawili, mimi na Skolastika. Baba yangu alikuwa karani bandarini, na nyumba yetu ilikuwa ya bati. Skolastika alitoka Katogota, binti wa mkulima wa pamba, akikaa kwa shangazi yake mjini ili asome. Kila alasiri tulikaa ufukweni kulinda ndagala wa shangazi huyo wasiliwe na ndege, na badala ya kulinda tulitunga. Ndege walinenepa sana mwaka ule.

Tuligombana zaidi kuliko tulivyotunga. Kwanza tuligombania majira. Wajapani wana theluji, sisi tuna nini? Skolastika alisema ndagala wenyewe ni majira, kwa kuwa mwezi ukiwa mpevu hawavuliwi. Nikakataa, nikasema mwezi si mwaka. Tulinuniana siku mbili kwa ajili hiyo, kisha tukapatana kwamba masika na kiangazi yanatosha. Lakini ugomvi mkubwa ulikuwa wa kuhesabu. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mwandishi, na nilikuwa na kiburi cha Kiswahili cha kitabuni. Nyumbani sote tulisema muntu na mutoto. Shuleni tulifundishwa kuandika mtu na mtoto, na mimi nilijiona nimeshazaliwa nikiandika hivyo.

Kaka yake Skolastika alikuwa amevuka ziwa kwenda kufanya kazi Kigoma, akaahidi kurudi mvua zikianza. Jina lake likitajwa mama yao alilia, kwa hiyo nyumbani walimngoja bila kumtaja. Juu ya jambo hilo Skolastika alitunga haikai, akanisomea, nami nikaiandika hivi:

Mtu wa ziwa
atakuja masika
tungoje kimya

Pembeni nikaweka 5, 7, 5, kama kawaida yetu. Kisha nikahesabu tena, nikaona nimemkamata.

"Mustari ya kwanza iko ine tu," nikamwambia. "Mamere alisema tuhesabu vokali. Tu, wa, zi, wa."

"Minye nilisema muntu. Ni weye umeandika mtu."

"Muntu haiko mu kitabu."

"Basi hata mtu iko mbili. Sikia." Akageuza kikapu, akakipiga taratibu mara mbili: m, tu. "Midomo inafunga kwanza, kisha inafunguka. Iko mbili."

Nikamjibu kwamba midomo iliyofungwa haisemi kitu. Nilikwenda nyumbani nimeshinda, na karatasi nikaisahau juu ya meza.

Sasa mjue kwamba wakati ule serikali ilikuwa inawasaka watu wa dini ya siri, waliosemekana wanamngoja mkombozi wao. Huko milimani baba za watu walichukuliwa, wakapelekwa wasikojulikana. Watu waliokuwa wakiimba jioni waliacha kuimba. Mama yangu hakujua kusoma. Kwake karatasi ilikuwa karatasi. Akafungia ndagala ndani yake, zawadi ya masista, akampa mfanyakazi wao wa jikoni.

Keshoye niliitwa ofisini kwa Padri Mkuu wa misioni. Karatasi yangu ilikuwa mezani, ina madoa ya mafuta ya samaki, na magamba machache yaling'aa juu ya neno masika. Mtoto aliyefukuzwa misioni hakuwa na shule nyingine ya kwenda, na karani ambaye binti yake anaandika habari za mkombozi asingebaki karani.

"Huyu mtu wa ziwa ni nani?" aliuliza Padri. "Mnamngoja kimya, kwa nini? Na namba hizi zina maana gani?"

Nikamweleza juu ya haikai. Aliniacha nimalize. Kisha akachukua penseli, akagusa mstari wa kwanza, akahesabu kwa sikio lake la Kizungu: tu, wa, zi, wa.

"Nne," akasema. "Wewe umeandika tano. Kama ni silabi, mbona hesabu ni ya uongo?"

Akanisogezea karatasi.

"Ni nne au ni tano?"

Hapa, wasomaji wangu, ndipo ninapotamani kuwadanganya. Ningeweza kusema tano na kupiga meza yake mara mbili. Ningeweza kusema kwamba neno la kwanza lilikuwa muntu, mimi ndiye niliyelibadilisha. Lakini nilikuwa naogopa, na, aibu iliyoje, ndani ya woga ule kulikuwa na kijifuraha: Padri mzima alihesabu kama mimi.

"Ni nne, Padri," nikasema. "Skolastika ndiye anayesema tano. Shairi ni lake."

Skolastika akaletwa. Alisimama kando yangu, miguu mitupu, mikono nyuma. Akaulizwa swali lile lile. Alinitazama kwanza, nami nikaitazama sakafu.

"Ni tano, Padri."

"Mwenzako amekubali kwamba ni nne."

"Ni tano." Akasogea mezani, akapiga ubao wa meza kwa kidole, polepole, kama anamfundisha mtoto: m, tu, wa, zi, wa. Wino ulitikisika chupani. "Mtu iko mbili, Padri. M inahesabiwa."

Alipoanza kupiga mara ya pili, Padri alisimama. Nafikiri neno dini lilikwisha kumtoka kichwani. Alichokiona ni msichana mweusi anayegonga meza yake na kumwambia hajui kuhesabu. Skolastika hakumtaja kaka yake, na neno muntu halikumtoka kinywani hata mara moja. Mchana ule ule alifukuzwa. Nilimwona akipita na kifurushi chake kuelekea barabara ya Katogota, nikajificha nyuma ya kanisa.

Niliambiwa nina bahati, nikasadiki. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba ukaidi wake ndio uliomponza. Mdomo huponza kichwa, mama alizoea kusema, nami methali ile niliikumbatia kwa mikono miwili kwa sababu ilinifaa.

Nilipokuwa mwalimu huko Sange, mama mmoja alikuja kumwandikisha binti yake. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa jembe na pamba. Nilimtambua kabla hajasema jina. Tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani. Kaka yake hakurudi, si masika ile wala nyingine. Mwisho nikashindwa kujizuia, nikamuuliza kwa nini siku ile hakusema kwamba alitamka muntu na mimi ndiye niliyebadilisha. Neno lile moja, hata Padri angelihesabu mbili.

Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo lililo wazi.

"Weye ulikuwa umekwisha kusema ni ine," akajibu. "Kama mi ningesema muntu, angejua umebadilisha, na tena umemudanganya. Tungefukuzwa wawili. Moja ilitosha."

Kisha akamsukuma binti yake mbele, akaniambia jina lake ili niliandike. Siku ile ofisini mimi nilikuwa nahesabu silabi. Skolastika alikuwa anatuhesabu sisi.