Mashine Iliyomwita Mama

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Niliishia darasa la saba, na leo nina nyumba mbili Kilole na karakana ya redio na spika ambayo watu wanaifuata kutoka Segera mpaka Handeni. Kwa hiyo nilipoona kwenye televisheni kwamba huko kwa wenzetu wanaunda roboti za kukaa na wazee na kuwaliwaza, sikutoa macho. Nilisema, hiyo naiweza.

Mama yangu anaishi peke yake Kwashemshi. Nilimtaka ahamie kwangu akagoma, hawezi kuiacha migomba yake. Basi nikamuundia mwenzake. Kichwa cha mbao, macho ya balbu za tochi, shingo inayogeukia sauti inakotoka. Ndani niliweka simu kuukuu yenye sauti yangu mwenyewe, Kishambaa na Kiswahili. Ukisema neno, inasubiri unyamaze, halafu inajibu: "Ndiyo, mama." Au, "Umekula?" Au, "Miguu inasemaje leo?" Maana mama anaumwa miguu. Msomi gani angelikumbuka hilo?

Siku ya kwanza mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Haukupita mwezi akawa anaisimulia habari za mbuzi. Nikimpigia simu ananiambia, "Si nipo na wewe hapa? Simu ya nini tena?" Nilitamba karakana nzima.

Alilalamika jambo moja tu: "Wanawake wenzangu siku hizi hawaji."

"Si afadhali, mama? Umbea umepungua."

Siku yenyewe nilikuwa Handeni nafunga spika za msikiti. Akanipigia simu jirani wa mama, mjane mwenzake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uko wapi wewe?"

"Handeni."

"Handeni ipi, na wewe uko humu ndani unaongea?"

Nyuma yake nikaisikia sauti yangu ikiuliza, "Umekula?" Halafu jirani akasema mama yuko chini, ameanguka, hainuki.

Nilipofika, walikuwa wamemlaza kwenye godoro nyuma ya pikapu ya kukodi. Nikamgeukia yule jirani.

"Mama, nyumba zenu zimegusana. Ulikuwa wapi tangu asubuhi?"

"Nimekuja mara mbili! Mara zote nakusikia, 'Ndiyo, mama.' Niingie kumkatisha mtu anayeongea na mama yake? Wewe ulilelewa hivyo? Sote tuliacha kuja kwa ajili hiyo. Tukasema, huyu mtoto amejirudi, kila siku yuko kwa mama yake. Tulikusifia!"

"Na gari langu mliliona?"

"Tulisema umekuja na bodaboda."

"Sasa leo ukaingiaje?"

"Jua limefika utosini, jikoni hakuna moshi. Mtoto yuko nyumbani halafu mama hapiki? Nikasema hapa pana jambo."

Hospitali walisema nyonga imevunjika. Mama alinishika mkono. "Nilianguka nikakuita," alisema. "Ukasema, ndiyo mama. Nikakuita tena, ukaniuliza miguu." Hakusema kwa hasira. Bora angesema kwa hasira.

Ile mashine nimeifungua nikaikagua. Kila waya uko mahali pake. Ingekuwa imeharibika ningeitengeneza, hiyo ndiyo kazi yangu na hakuna anayenishinda. Lakini ilifanya kila nilichoiagiza, na hilo ndilo linaloninyima raha.

Mama amerudi kwake, jirani analala naye. Nikienda, wanawake wanasimama uani wanapiga kelele, "We! Ni mtu au ni kile kichwa?" Wanacheka. Inabidi nitoke nje wanione.

Juzi nilikuwa nimekaa naye, naangalia saa kwenye simu, kuna mteja ananisubiri Segera.

"Kile kichwa chako umekipeleka wapi?" mama akaniuliza.

"Kipo karakana. Cha nini tena, mama?"

"Kirudishe. Chenyewe hakikuwa na haraka."

Nilimpigia mteja nikamwambia asinisubiri, akapeleka kazi kwa fundi mwingine. Ukijumlisha kazi hiyo, hospitali, pikapu na vifaa vya mashine yenyewe, imenigharimu shilingi milioni tatu, laki sita na elfu arobaini na tano.